Kamba ya Lesosi

Kila Jumapili saa mbili usiku unapiga,
umeshavaa koti la lindo, nalisikia likikwaruza simu,
na kabla hujauliza watoto
unauliza Lesosi.

Amekula?
Amekula.
Mabingobingo ya kando ya kijito yamefika kiuno?
Yamefika kiuno, Ambani, yamepita kiuno.
Hilo ni kweli. Hakuna wa kuyamaliza.

Ya kuku nilikwambia.
Kideri kiliingia mvua ilipokolea,
kumi na mmoja kwa siku tatu, shingo zimepinda
kama watu waliosahau walichotaka kusema.
Jirani alisema tuwachemshe, nyama ni nyama.
Ayuma akalia mpaka tukawafukia nyuma ya migomba.
Amebaki jogoo mmoja, yule wa mguu mbovu,
na anawika saa yoyote anayojisikia.

Ya Lesosi sikukwambia.
Nilimfunga kamba ya katani
uliyoisokota mwenyewe likizo ya Krismasi,
tukashuka hadi Luanda kabla ya jua, yeye mbele, mimi nyuma,
akitembea upesi, akidhani tunakwenda kwa dume.
Dalali alimpapasa kiwele, akamfungua mdomo,
akahesabu meno,
kisha akanitazama viatu, akahesabu shida zangu.
Elfu arobaini na mbili.
Mnunuzi alikuja na kamba yake.
Yetu nikaikunja, nikaitia kwenye kikapu juu ya sukari,
nikarudi njia ile ile
nikikwepa kinyesi chake cha asubuhi.

Mama yako alikuwa haoni tena mlango.
Alikuwa akimwita Amukowa kwa jina lako
na kumwuliza mshahara umetoka.
Kule Sabatia walimtoa mtoto wa jicho, la kulia kwanza.
Bendeji ilipofunguliwa alitazama mikono yake, akaigeuza,
akasema, "Kumbe nimezeeka hivi, na hamkuniambia."
Tulipofika nyumbani akatazama zizini.
Hakusema kitu.
Kesho yake nilimkuta huko na ufagio,
anafagia mahali pasipo na kitu.

Zilizobaki nilinunua mbuzi wawili wa maziwa
kwa mwalimu mmoja wa Esibuye.
Weupe, masikio wima, wana maringo:
jani likidondoka chini hawaligusi tena,
mpaka umeninginiza chakula juu kama nguo za kuanika.
Maziwa ni vikombe viwili, siku nyingine kimoja na nusu.
Watoto waliikataa chai siku mbili.
Siku ya tatu hawakuuliza.
Mimi bado naamka saa kumi na moja,
nachuchumaa gizani na ndoo ambayo sasa ni kubwa mno,
na vidole vinatafuta chuchu nne,
vinapata mbili.

Leo umesema, "Hebu msogezee simu nimsikie."
Nikatoka nje. Ningefanya nini?
Nikasimama zizini, simu mkononi, kamba iko msumarini,
nikaanza kupanga maneno.
Amukowa alikuwa amenifuata bila kuitwa.
Akaibana pua, akavuta pumzi,
akatoa mlio mrefu, mbuuuu,
wa ng'ombe mwenye hamu ya chumvi.

Ukanyamaza.
Huko Nakuru nikasikia geti likifunguliwa,
gari likipita, mtu akikusalimu kwa jina la kampuni,
geti likifungwa.

"Sauti yake imekuwa nyembamba."
"Ni baridi," nikasema.
"Mpe magadi."
"Nitampa."
Amukowa akacheka ndani ya kiganja.
Wewe ukakohoa, ukahamisha simu sikio jingine,
kisha polepole, kama mtu anayeuliza njia:

"Na kamba? Ulirudi nayo?"

"Ipo msumarini."

Nyuma yangu mbuzi mmoja akapiga chafya.
"Na huyo," ukauliza, "ni nani?"